Nani Kakuruhusu Kujua Saa?

Vituo vya televisheni vina mambo. Mwaka mzima vinatubembeleza tuvitazame, lakini ukinakili mahali kwamba taarifa ya habari ni saa mbili usiku, vinakuja juu: nani kakuruhusu?

Mnadhani natania? Ayalandi ya miaka ya 1980, aliyetaka kujua vipindi vya wiki nzima ilimbidi anunue majarida matatu, moja la kila kituo: la RTÉ, la BBC na la ITV. Magazeti yaliruhusiwa kutaja vya siku moja tu, au mbili wikendi ikifika. Vya Alhamisi ukitaka kuvijua Jumatatu, fungua pochi. Jarida la Magill lilipothubutu kukusanya ratiba zote pamoja mwaka 1986, mahakama ikalizuia. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Haki ya Ulaya, ambayo mwaka 1995 iliamua kwamba vituo vile vilitumia vibaya nguvu zao sokoni. Miaka 9, ili mtu ajue sinema inaanza saa ngapi!

Kituo cha Nine Network cha Australia nacho kikaishtaki kampuni ya mwongozo wa vipindi, IceTV, kwa mambo hayo hayo ya ratiba, kikabwagwa Mahakama Kuu ya huko mwaka 2009.

Basi wewe uliyeunda kijiprogramu cha kuzoa ratiba mtandaoni kwa ajili ya sebule yako, jihadhari. Hakimu huenda akakuhurumia. Masharti ya tovuti, yale ambayo hata mwenye tovuti hajayasoma, hayana huruma. Dawa ni moja: usitazame kabisa. Tuone yale matangazo ya sabuni watamwonyesha nani.