Maiti ya Msufi

"Samaki wako amekufa tangu jana, mwanangu. Hapa tunamvuta kwenda kumzika tu."

Hayo aliyasema nahodha Jumamosi asubuhi, nje kidogo ya mwamba, mbele ya mabaharia wawili na kijana ambaye hata ndevu hajaota. Mpaka naandika hapa masikio bado yananiwaka. Alikuwa anakitazama chambo changu. Nilikichonga kwa mti wa msufi, urefu wa kiganja, mgongo nikaupaka buluu, ubavu rangi ya fedha, tumbo jeupe. Kilitakiwa kipige mbizi kiogelee chini ya maji huku kikitikisa kiuno, nguru wakikiona wapandwe na wazimu. Badala yake kilikuwa kinateleza juu ya maji, chali, tumbo limelielekea jua, ndoana zote zinatazama mbinguni.

"Inna lillahi," akasema yule kijana. Mabaharia wakamalizia.

Ingeishia hapo ningevumilia. Lakini upepo wa kusi ulikaza, ngalawa ikachapuka, na maiti ikaanza kuzunguka. Kila mzunguko unausokota mshipi, na nailoni ikishasokotwa vya kutosha hujikunja yenyewe. Kitambo kidogo tu mshipi wangu ulikuwa kamba ya mkonge iliyotoka kiwandani. Ukahama njia, ukaufuata mshipi wa kijana, ukaukumbatia. Na hapo hapo, wallahi, nguru akauma. Si wangu. Wa kijana. Yeye ndoana yake alikuwa ameifunga nyuzi nyeupe alizochomoa kwenye kiroba cha unga, basi. Hakupiga msasa, hakupaka rangi, hakukesha. Nguru akaondoka na mishipi miwili kwa mpigo. Nahodha akapiga kelele, "Kata!" Baharia akauliza, "Upi?" Kwa kuwa hakuna aliyejua upi ni upi, ikakatwa yote. Nguru akaenda zake na nyuzi za kiroba mdomoni. Chambo changu kikabaki kinaelea nyuma yetu, chali, hakina hata alama ya jino.

Niliomba tukiache. Nahodha akageuza ngalawa. "Maiti haiachwi baharini," alisema, na hakucheka hata kidogo, jambo lililoniumiza zaidi. Alikiokota mwenyewe, akakigeuza mkononi, akakifinya ubavu, akanirudishia.

"Boya zuri hili."

Habari za chombo hufika pwani kabla ya chombo. Nilipofika barazani jioni, muuza kahawa alikuwa ameshasimama. "Pole na msiba, mwalimu." Nikatoa hela, akanisukuma mkono. Mfiwa, alisema, hatozwi kikombe cha kwanza.

Sasa, kabla hawajanizika na mimi, naomba nieleze kitu hiki kinavyofanya kazi, maana wanaocheka hawajui wanachokicheka. Chambo cha aina hii ni mti unaoelea. Kikitulia, kinakaa juu ya maji. Kinachokizamisha ni ulimi, kipande kidogo cha bati au plastiki kilichochomekwa chini ya kidevu na kuinamia mbele. Ukivuta mshipi, maji yanaugonga ulimi na kukisukuma kichwa chini. Kadiri unavyovuta ndivyo kinavyotafuta kina, mpaka mvuto wa mshipi na msukumo wa maji vielewane. Ukiacha kuvuta kinapanda chenyewe, taratibu, na hapo ndipo mvuvi mwenye akili anapokivusha juu ya jiwe. Ulimi mrefu uliolala karibu sawa na mwili hukipeleka mbali chini. Ulimi mfupi uliosimama hukiweka karibu na uso wa maji na kukitikisa kwa fujo. Hata unene wa mshipi una neno: mwembamba unakata maji, mnene unakizuia kushuka.

Na huo mtikisiko, je? Hapa ndipo usingizi uliponiishia. Maji yakishaugonga ulimi hayana pa kupita ila pembeni, na hayapiti pembe zote mbili kwa wakati mmoja. Yanajiviringa kulia, yakabanduka, kichwa kikayumba. Yanajiviringa kushoto, yakabanduka, kikayumba tena, zamu kwa zamu, haraka kuliko unavyoweza kuhesabu. Ndiyo kusema maji yenyewe ndiyo yanayokichezesha, na ukiushika mshipi kwa kidole unausikia mtetemo wake hadi kwenye kiwiko. Kila ulimi unapotaka kukipindua, risasi iliyozikwa tumboni inakirudisha. Halafu kuna pete ya puani unapofungwa mshipi. Kikikimbilia kulia, unaipinda pete kushoto kwa koleo, kiasi cha unywele, unajaribu tena. Ukizidisha kinakimbilia kushoto. Mtu mzima anaweza kumaliza asubuhi nzima hapo, magoti majini, watoto wa chuo wakimtazama.

Bingwa wa mambo haya ni Lauri Rapala, mvuvi maskini wa Finland aliyezaliwa 1905. Hata jina lake ni ajali: ukoo wao ulikuwa Saarinen, mchungaji wa parokia akaandika jina la kijiji, likaganda. Akivua kwenye ziwa Päijänne aliona samaki wakubwa wakiliacha kundi zima la samaki wadogo na kumfuata mmoja anayeyumba. Mwaka 1936 akachonga gamba la koki kwa kisu cha fundi viatu, akalivisha karatasi ya fedha ya chokoleti, na kwa kuwa hakuwa na vanishi akayeyusha negativu za picha akalipaka. Kisha Agosti 1962 jarida la Life la Marekani likaandika habari za chambo chake katika toleo lile lile lililobeba kifo cha mwigizaji Marilyn Monroe. Watu walilinunua kwa ajili ya Monroe, wakakutana na chambo, na maagizo yakamiminika. Yeye msiba ulimtajirisha. Wangu umenipatia kikombe cha kahawa.

Kilichoniua mimi ni gundi. Risasi niliitoa kwenye vizito vya magurudumu ya gari, nikaiyeyusha, nikaimimina tumboni mwa chambo, nikaifungia kwa gundi ambayo pakiti yake inatangaza kwa herufi kubwa kwamba haishindwi na maji. Maji ya bomba, pengine. Maji ya chumvi yaliishinda kabla hatujauvuka mwamba. Tundu likabaki wazi, na msufi ni mti laini wa kuchonga lakini una kiu, ukanywa upande mmoja.

Vilivyofuata sivielezi. Kimoja kilizama vizuri mno kikaamua kuhamia kwenye matumbawe. Kingine kilininasa kikoi kwa nyuma nikielekea dukani. Na hapa ni Tanga, ambako hata silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani mpaka alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, hunasa kwenye majarife ya watu bila kubembelezwa.

Kicheko nimekizoea. Ila barazani pale kuna bwana mmoja aliyecheka kuliko wote, mpaka kahawa ikamtoka puani, na huyo siwezi kumsamehe. Mshipi hana. Wavu hana, dema hana. Anatoka alfajiri na mkoba wa ukili, anarudi saa tatu na tenga limejaa, na mtaa mzima unajua mkobani mna nini. Baruti imepigwa marufuku nchi hii tangu 1970. Serikali ilipokaza miaka ya karibuni milio ilipungua sana, tukashukuru, lakini kupungua si kwisha. Chupa moja ya baruti inaua mkubwa na mdogo, anayeliwa na asiyeliwa, na wengi wao huzama kwa sababu mfuko wa hewa umepasuka, hivyo hata muuaji hawapati. Matumbawe yaliyokua tangu babu zetu hawajazaliwa yanabaki kifusi, na kolekole hakai kwenye kifusi. Mimi nakesha na kisu nikitafuta namna ya kumdanganya samaki mmoja kwa haki. Yeye anacheka, tunampisha akae, na wanaomwamkia shikamoo wanaondoka na kitoweo cha bure.

Basi wewe unayekwenda sokoni, kabla hujatoa hela mnyanyue samaki kwa kichwa na mkia. Akikunjika katikati kwa sababu uti wa mgongo umevunjika, na nyama imelegea, na ndani kumevilia damu, mrudishe mezani. Usiulize bei.