Namna ya Kuharibu Kazi ya Serikali kwa Kutengeneza Filamu Nzuri

Ndugu mwongozaji, haya yanakuhusu iwapo umechoka kuitwa mtumishi mwema. Una miaka arobaini, umetengeneza filamu kadhaa kama ulivyoagizwa, hakuna aliyekasirika na hakuna anayezikumbuka. Sergei Parajanov, Muarmenia mzaliwa wa Tbilisi, alikuwa katika hali hiyohiyo kwenye studio ya Dovzhenko mjini Kyiv mwaka 1964. Kisha akatengeneza Vivuli vya Mababu Waliosahauliwa, na tangu hapo hapakuwa na ofisa wa sinema aliyelitaja jina lake bila kukunja uso. Inawezekana. Zingatia tu utaratibu.

Anza kwa kupokea kazi isiyo na hatari. Usijipeleke studio na wazo lako mwenyewe, watalikalia. Ngoja maadhimisho. Mwaka ule ilitimia miaka 100 tangu azaliwe mwandishi Mykhailo Kotsiubynsky, na wakubwa walitaka filamu ya heshima itokane na hadithi aliyoiandika mwaka 1911. Kwenye karatasi hadithi yenyewe haina neno. Ivan na Marichka wanapendana ingawa koo zao zina uhasama wa damu. Msichana anazama mtoni. Kijana anakaa na majonzi miaka, halafu anaoa Palahna, na ndoa haishiki. Palahna anaangukia mikononi mwa mganga. Kwenye kikao cha bajeti, mkubwa ataona mavazi ya asili, ngoma na wakulima wanyenyekevu. Atapiga muhuri. Wewe chukua karatasi yako utoke, wala usimweleze unachokiona wewe.

Hatua inayofuata ni kwenda kuishi huko. Wahutsul ni watu wa milima ya Karpati, magharibi mwa Ukraine, na hadithi hii ni ya pande za Kryvorivnia, karibu na mto Cheremosh, ambako Kotsiubynsky mwenyewe alikwenda kuwasikiliza. Stoo ya studio ina mashoka ya mbao yaliyopakwa rangi ya fedha na masharubu ya gundi, yaache hukohuko. Mlimani kila mwanamume ana shoka lake la kutembelea, na anajua namna ya kulishika. Kuna trembita, baragumu la mbao lenye urefu wa mita tatu hivi, refu kuliko siwa za Lamu na Pate, ambalo hupulizwa kutangaza kifo mpaka bonde la pili lisikie. Waweke wanakijiji wenyewe mbele ya kamera, waimbe kama wanavyoimba na waomboleze kama wanavyoomboleza. Usiwaambie watabasamu. Hapo umeshakiuka taratibu nne au tano, na bado hujapiga picha hata moja.

Kuhusu mwigizaji mkuu: chukua yule ambaye hajapitishwa. Kulikuwa na mwigizaji mwingine aliyekwisha kukubaliwa, lakini Parajanov akamwona Ivan Mykolaichuk, mwanafunzi kijana aliyezaliwa kijijini Bukovyna, jirani kabisa na milima hiyo, na habari ya yule wa kwanza ikaishia hapo.

Sasa mpiga picha, na hapa usifanye haraka, kwa maana ndipo kazi ya serikali inapoharibika kweli. Tafuta kijana asiyekuogopa. Yuri Illienko hakuwa ametimiza miaka thelathini. Waligombana kiasi kwamba inasimuliwa kijana alimwita bosi wake wakapigane kwa bastola, kama mabwana wa zamani. Mpiga picha asiyekutaka pambano huyo ni karani, mrudishe.

Utaratibu unaelekeza kwamba mtu akifa, kamera isimame pembeni, imtazame akianguka, mke alie, vinanda viingie. Wao walifanya hivi. Mwanzoni kabisa mtoto Ivan anapita kwenye theluji kumpelekea chakula kaka yake anayekata miti. Mti mrefu unakatika, unamwelekea mtoto. Kamera haiko chini ikishuhudia. Iko juu, inashuka pamoja na mti, na kaka anakimbia kumsukuma mdogo wake, na ardhi inakuja mbio. Maana yake wewe uliyelipa tiketi ndiye mti, na ndiye uliyeua. Baba naye, baada ya ugomvi wa koo, anapigwa shoka. Damu inatiririka juu ya lenzi, kisha farasi wekundu wanaruka hewani na kupita. Hicho ndicho kifo chenyewe. Mkaguzi atauliza: farasi hawa wana maana gani? Usijibu. Ukijibu atatoa kipande hicho, usipojibu ataogopa kuonekana hajui sanaa.

Rangi nazo ni za kuchezea bajeti. Studio imekupa filamu ya rangi, ghali, ili watu waone mikufu na sketi. Marichka akishazama, wewe ondoa rangi. Mwache Ivan atembee katika kijivu, ndevu zimemjaa, huku sauti za majirani zikimsengenya bila sisi kuwaona wanaosema. Rangi irudi pale anapokubali kuishi tena, na irudi kwenye arusi ambayo bwana na bibi wamefungwa macho kwa vitambaa na kuwekwa chini ya nira ya ng'ombe. Kwangu hiyo ndiyo picha kubwa kuliko zote humo, kubwa hata kuliko wale farasi ambao kila mtu huwataja. Kipindi cha kwanza cha ndoa hakijapita na umeshaambiwa kila kitu. (Sitaficha kwamba kuna mahali kamera inazunguka mpaka tumbo nalo linazunguka. Kaa viti vya nyuma.)

Baada ya hapo watakutaka utie sauti za Kirusi, ili Muungano mzima wa Kisovyeti uelewe. Kataa. Parajanov alikataa, wahusika wakabaki na lahaja yao ya Kihutsul, ambayo hata wenyeji wa Kyiv huitegea sikio. Kama hujapata barua ya onyo mpaka sasa, umekosea mahali, rudi juu usome upya.

Filamu ikikamilika itapata tuzo mbali na nyumbani. Ya Parajanov ilituzwa Mar del Plata, Argentina, mwaka 1965. Nyumbani andaa uzinduzi, na waalike watu wasioweza kukaa kimya. Tarehe 4 Septemba 1965, kwenye ukumbi wa sinema wa Ukraina mjini Kyiv, mhakiki Ivan Dziuba alipanda jukwaani kama mtu wa kutoa pongezi, akatangaza kwamba wasomi wa Kiukraine walikuwa wanakamatwa. Ukumbi ukachafuka. Mwandishi wa habari Viacheslav Chornovil akawataka wanaopinga udhalimu wasimame, na mshairi Vasyl Stus akawa miongoni mwa waliosimama. Masomo yake ya juu yakakatwa mwezi huohuo. Filamu yenyewe, kumbuka, haina hata neno moja la siasa. Ina kondoo, mizimu na mganga anayefukuza dhoruba.

Matokeo hayachelewi. Filamu iliyofuata ya Parajanov, kuhusu Kyiv, ilisimamishwa ikiwa kwenye majaribio. Mwaka 1973 alikamatwa, akahukumiwa miaka mitano kwa mashtaka ambayo hayakugusa sinema, akakaa ndani kama miaka minne. Huko hakupewa kamera. Alitengeneza picha za kubandika kwa takataka alizookota, na akachora sura za watu kwenye vifuniko vya foili vya chupa za maziwa hadi vikawa kama medali. Kwa hiyo, ndugu, kabla hujaanza kupiga picha hata moja, ulizia kwa upole kama gereza la mkoa wako hugawa maziwa ya chupa au ya unga.