Mnanaha Ndani ya Mtama

Kwetu Isanzu, wilayani Mkalama, mtama ukishapurwa hupepetwa kwa ungo na makapi huenda na upepo. Mbegu ya gugu la mnanaha haiendi. Ni nyeusi, bapa, na uzito wake huikalisha pale pale pamoja na punje. Mwaka mmoja magugu yaliuzidi mtama, wavunaji wakakata vyote kwa pamoja. Mama mkubwa akapeleka debe mashineni, asubuhi akakoroga uji, na babu akanywa vikombe viwili.

Kabla ya adhuhuri babu alikuwa akifukuza siafu ukutani, na ukuta haukuwa na hata sisimizi. Kisha akamkaribisha kaka yake, ambaye tulishamzika zamani, akamsogezea kigoda na kumuuliza habari za ng'ombe. Ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto, ulimi umekauka hadi maneno yanakwama, mboni zimetanuka. Shangazi, aliyeonja kidogo tu, hakuweza kusoma namba kwenye simu. Babu akapakiwa kwenye bodaboda, baba mdogo nyuma akimshikilia kwa nguvu, maana kila baada ya muda alitaka kushuka awaamkie watu.

Hospitalini nesi aliziangalia zile mboni, akauliza tumekula nini. Mnanaha una atropini na skopolamini, zinazozima neva za kuleta mate na jasho, pamoja na zile za kuibana mboni ya jicho. Madaktari wa Usangi, Kilimanjaro, waliandika mkasa wa namna hii mwaka 1991. Karamoja, Uganda, mwaka 2019 watu walikufa kwa chakula cha msaada kilichoingiwa na sumu hizo hizo. Sisi babu yetu tulirudishiwa, Mungu ashukuriwe.

Babu alipopata akili zake, mdogo wangu anayesoma chuo akaleta mjadala sebuleni. Mwaka 1988, akasema, David Lewis-Williams na Thomas Dowson wa Afrika Kusini walieleza kuwa zigizaga, nukta na vyandarua vilivyochorwa miambani ni maumbo ambayo macho na ubongo hujitengenezea mtu anapokuwa katika njozi. Michoro ya Kolo kule Kondoa, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, ilishahusishwa na simbo, ngoma ya Wasandawe ya kupandisha. Na miamba yetu ya Isanzu, aliyoichunguza Profesa Fidelis Masao, nayo ina michoro. Basi, akahitimisha, zigizaga za vikapu anavyosuka mama mkubwa zilianza na mnanaha wa mababu.

Mama mkubwa alichukia, nami nasimama upande wake. Babu aliona siafu na ndugu yake, hakuona hata kona moja ya zigizaga. Hiyo ndiyo kazi ya mnanaha: huleta watu na wadudu ambao mgonjwa anawaamini kabisa. Vyandarua, mahandaki na mizunguko ni mambo ya dawa nyingine, kama meskalini ya dungusi la Mexico, ambayo Heinrich Klüver aliichunguza miaka ya 1920. Kumnyang'anya msusi kazi yake na kuikabidhi sumu ni dhuluma.

Ila shangazi akatuvuruga. Yeye huziona zigizaga bila kunywa chochote, kipandauso kinapokaribia. Akachukua mkaa, akachora sakafuni upinde wa kona, ndogo kwa ndani, kubwa kwa nje. Mama mkubwa akaweka kikapu kando ya mchoro. Vilifanana mno.

Kikapu cha kuzungushwa huanzia kitovuni, na kila mzunguko ni mrefu kuliko uliotangulia, kwa hiyo kona lazima zikue. Ubongo nao huipa katikati ya jicho nafasi kubwa na pembeni nafasi ndogo. Mwaka 1979 Bard Ermentrout na Jack Cowan walionyesha kwa hesabu kuwa mistari iliyonyooka ndani ya ubongo wenyewe mtu huiona ikijizungusha na kutanuka kuelekea nje. Jicho na mkono vimefika kwenye umbo moja, kila kimoja kwa njia yake.

"Wifi, zako ni kona ngapi?" mama mkubwa akauliza.

Shangazi hajui, hazitulii.

"Zangu kumi na mbili tangu kitovuni. Nikiruka mshono mmoja mzunguko wa tatu, ukingoni hazikutani, nafumua chote."

Akamkabidhi mdogo wangu sindano na nyasi, akamwonyesha pa kuanzia.