Mengineyo

Mwezi Julai hosteli za vyuo vya Dar es Salaam huwa na watu wa aina mbili: waliomaliza mitihani na wanaotafuta sufuria zao. Aliyeiazima ameshakwenda fildi Tabora, simu yake haipatikani, na sufuria yenyewe, kwa habari za kuaminika, mara ya mwisho ilionekana ghorofa ya tatu ikiwa na maharage ndani.

Ni majira ya kufunga hesabu. Mwaka wa masomo ulioanza na mvua za vuli unaishia wakati wa Sabasaba. UE, ile mitihani ya mwisho wa muhula, zimekwisha, matokeo hayajatoka, na hapo katikati mwanafunzi hana la kufanya ila kukaa juu ya begi lake na kujiuliza miezi yote ile imekwenda wapi.

Binti mmoja wa mwaka wa kwanza kutoka Bukoba hana haja ya kujiuliza, kwa sababu mwaka wake umeandikwa. Siku ya safari mama yake, muuza ndizi asiyemwamini mtu anayesema "hela imeisha tu", alimkabidhi kaunta buku na amri moja: kila shilingi iandikwe. Safu alizichora mama mwenyewe kwa rula: chakula, nauli, masomo, mengineyo. Hiyo ya mengineyo aliichora nyembamba kuliko zote, maana hakuona ingeandikwa nini.

Julai hii mengineyo yamevuka mstari, yamekalia sehemu ya masomo, na kwenye kurasa za Aprili yanapanda pembeni kwa herufi ndogo hadi juu ya karatasi.

Jambo la kwanza kuandikwa humo ni bodaboda ya usiku, na chanzo chake ni mjomba. Mjomba alisoma Mlimani miaka ya 1980, na tangu hapo ukoo mzima humtegemea kwa habari zote za Dar. Alimchorea binti ramani nyuma ya bahasha: panda basi, usidanganyike kushuka popote, shuka Ubungo. Ushauri huo ulikuwa sahihi kabisa hadi mwaka 2021, stendi ya mabasi ya mikoani ilipohamia Mbezi Luis. Basi lilikata zaidi ya kilomita 1,300, likaingia Mbezi, abiria wakashuka, mizigo ikashushwa, na binti akabaki kwenye kiti amepakata begi.

"Dada, tumefika," konda akamwambia.

"Mimi nashuka Ubungo."

"Ubungo ndiyo hii. Ilihamia huku."

Alishuka basi lilipoanza kuoshwa, usiku, akatafuta bodaboda.

Mjomba alikuwa amesema pia kwamba chuoni kila mtu ana kitanda chake. Nalo lilikuwa kweli, kwa wakati wake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndiyo hiyo Mlimani, kilipoanza Oktoba 1961, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London na kikifundisha sheria tu, wanafunzi wake hawakuzidi 15. Wote wangeenea kwenye daladala moja na konda bado angeita abiria. Mjomba naye aliwahi enzi za serikali kumlisha na kumlaza mwanafunzi, kabla ya sera ya kuchangia gharama ya miaka ya 1990. Leo vyumba ni vichache, waombaji ni wengi, na waliokosa hutegemea kubebwa. Mwenye kitanda humbeba asiye nacho, kinyume cha kanuni na kwa baraka za kila mtu isipokuwa matroni.

Binti alibebwa na msichana wa Mtwara, mtu mtulivu aliyekuja na korosho, ratiba aliyoibandika ukutani, na godoro la futi mbili na nusu kwa sita. Upana huo hauwatoshi watu wawili wakilala kama binadamu wa kawaida. Wakalala mzungu wa nne, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule, na kwa mtindo huo kila mmoja alijua hali ya soksi za mwenzake kuliko alivyojua somo la Taaluma za Maendeleo.

Desemba mama alituma kifurushi kwa basi: kopo la senene waliokaangwa. Chumba kizima kilihamia korido. Mmoja alisema ataripoti. Mwingine, wa Unguja, alidai anamsikia mmoja akitembea. Msichana wa Mtwara alionja wa kwanza, akatafuna kwa utulivu wake uleule, akasema wanafanana na korosho zenye miguu. Jioni kopo lilikuwa tupu, na yule wa kuripoti ndiye aliyekuwa akilikung'uta. Kwenye kaunta buku imeandikwa: "Kufuata senene stendi, nauli." Chini yake: "Senene, sikula."

Sasa tuingie kwenye bumu, maana bila bumu mengineyo yasingepata mtaji.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, humkopesha mwanafunzi fedha za chakula na malazi, ndizo bumu, zinazokokotolewa kwa siku. Kiwango ni shilingi 10,000. Hesabu ni ya siku, lakini malipo huja kwa mkupuo wa kama miezi miwili, na hapo ndipo balaa linapojificha. Elfu kumi kwa siku ni chai, wali maharage, nauli na chenji kidogo; mtu akiishika anajua mipaka yake. Laki sita kwa mkupuo ni kitu kingine. Laki sita haijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba yenyewe ni wali maharage.

Siku ya bumu chuo hubadilika sura. Foleni ya chipsi kuku hupinda kona, wasusi huhamishia viti vyao karibu na hosteli, wadai hukumbuka majina ya wadaiwa pamoja na ya ukoo. Watu walioshindia chai ya rangi kwa wiki nzima huulizana kama pizza ya jana haikuzidi chumvi. Kisha siku zinasogea, na chuo kinaanza kupiga pasi ndefu: chai nzito saa nne na nusu asubuhi, chapati mbili na maharage, halafu hakuna kingine hadi usiku. Anayekutana na rafiki saa nane mchana haulizi "umekula?" Ni swali la uchokozi.

Kwa bumu la kwanza binti alinunua jagi la umeme. Kanuni za hosteli zinakataza, na kila chumba kinalo. Ndani ya jagi hilo yalichemka maji, mayai, tambi, na siku moja ya ujasiri, ndizi za Bukoba. Tatizo si jagi moja, ni umoja wa majagi. Jagi la wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 hula karibu ampea 9. Saa moja jioni, vyumba vitano vya korido moja vikipata njaa kwa pamoja, mzigo unapita ampea 40, na swichi kuu, ambayo haina mtoto chuoni, inajikata.

Giza likaingia na milango ikafunguliwa. Mwanafunzi wa uhandisi wa umeme akajitolea kueleza sababu kwa kirefu, akiwa amesimama gizani na yai bichi mkononi. Alikuwa bado kwenye kanuni ya Ohm tochi ya matroni ilipotokea kona ya ngazi. Kaunta buku linasimulia yaliyofuata kwa ufupi: "Jagi, 25,000." Mstari unaofuata: "Jagi limechukuliwa." Bumu la pili: "Jagi, 25,000."

Kazi za kundi zina mistari mingi lakini hadithi moja. Kundi la watu kumi huandika kurasa sita, nao wanaoandika ni wawili; wengine huchangia kwa kutuma "sawa" kwenye simu, na saa moja kabla ya kukusanya huuliza kama majina yao yamepangwa kwa alfabeti. Flashi hupelekwa steshenari, hurudi na virusi, na kazi yote hugeuka kuwa njia za mkato zisizofunguka. Umeme hukatika karatasi ikiwa nusu ndani ya printa. Hayo yameandikwa "kuprinti", "kuprinti tena" na "kuprinti Mwenge".

Aprili ilileta masika, na masika yalifunga Jangwani. Mto Msimbazi ukijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni, na aliyekwenda Kariakoo kununua kitambaa anabaki kuwa mkazi wa Kariakoo. Binti alizunguka kwa daladala hadi daladala nazo zikakataa, akafika mahali ambapo maji yalikuwa ya magotini na vijana walikuwa wakivusha watu mgongoni kwa buku moja. Mbebaji wake alifika katikati akasimama kupokea simu. Yalikuwa mazungumzo marefu, ya kifamilia, na kwa kuwa sikio lake lilikuwa pale pale, binti aliyasikia yote na mwisho akaombwa maoni. Aliandika: "Kubebwa, 1,000." Mama aliposomewa ukurasa huo kwenye simu alishangaa, kwa sababu alikuwa ameambiwa kwamba kubebwa chuoni ni bure.

Ila gharama kubwa kuliko zote haimo kwenye kaunta buku, kwa sababu haikulipwa kwa shilingi.

Kiongozi wa darasa aliandika kwenye kundi la simu: "Testi kesho 2:00, msichelewe." Ujumbe huo uligawa darasa kabla ya kulipima. Waliousoma kwa macho ya simu waliona saa nane mchana. Waliousoma kwa saa ya bibi zao, ile inayoanza kuhesabu jua likichomoza, waliona saa mbili asubuhi. Binti alikuwa wa simu. Alikesha akisoma, akalala alfajiri akiwa na amani. Msichana wa Mtwara, wa saa ya bibi, alimtikisa mguu, maana kwa mlalo wao mguu ndio uliokuwa karibu na mkono.

"Amka, testi."

"Bado mapema," mguu ukajibu, ukajikunja.

Saa nane kasoro alifika ukumbini na kalamu mbili. Palikuwa na mfagizi. Mhadhiri alimsikiliza kwa subira, kisha akamuuliza kama ana cheti cha daktari. Hakuwa nacho. Alama za mazoezi ya muhula ni 40 kati ya 100, na kipande chake kimoja kilikwenda na usingizi ule.

Hatimaye matokeo yalitoka, usiku, mtandao ukiwa umelemewa na wanafunzi wote waliobofya kwa wakati mmoja. Ukurasa ulipofunguka ulimwonyesha GPA ya 3.4. Daraja la pili la juu huanzia 3.5. Alijua nukta moja ile ilipo: imelala kitandani, inasema bado mapema. Hakuna somo la kurudia Septemba, lakini si matokeo ya kumpigia mtu simu.

Baba akapiga mwenyewe.

Baba yake ni fundi baiskeli, na matokeo anayajua kwa mfumo mmoja tu, ule wa Baraza la Mitihani, ambao pointi zikipungua ndiyo heri. Kidato cha sita, A tatu ni divisheni wani ya pointi 3, na juu ya hapo hakuna kitu. Binti alipopata pointi 8 kulichinjwa mbuzi. Kwamba chuoni ngazi imesimamishwa kichwa chini, A ikawa 5 na kinachotafutwa ni kupanda, hakuna aliyewahi kumweleza.

"Umepata ngapi, mwanangu?"

"Tatu nukta nne, Baba."

Simu ikanyamaza. Kisha ikasikika sauti yake, mbali, ikimwita mkewe aache kila anachofanya. Tatu! Kutoka nane hadi tatu, kwa mwaka mmoja tu! Vigelegele vikapita kwenye laini hadi simu ikakwaruza.

"Na hiyo nukta nne ni ya nini?" akauliza aliporudi.

"Ni... inakaa pembeni, Baba."

"Haina shida. Na yule mwenzio wa Mtwara, mwenye kitanda?"

"Nne nukta sita."

Baba akaguna kwa huruma ya kweli. "Maskini. Mwambie asikate tamaa. Na wewe nawe, mnalala kitanda kimoja mwaka mzima, unashindwa hata kumwelekeza?"