Zuchu wa Nyumba Yetu

Mke wangu ni fundi wa batiki. Uani kwetu kuna makarai, nta, makopo ya rangi, na sheria moja inayojulikana hata na paka: kopo la mama haliguswi. Sheria hiyo iliheshimiwa mpaka binti yetu wa darasa la sita alipomwona Zuchu kwenye simu, nywele zinametameta rangi.

Mtoto huyu ukimuuliza Vita vya Majimaji vilianza lini, anatazama dari. Muulize Zuchu alitambulishwa lini na WCB Wasafi: "Aprili 2020, baba," na nyongeza juu: kazaliwa Zanzibar, mama yake Khadija Kopa wa taarabu, "Sukari" ilitoka 2021. Kichwa kinashika, ila kinachagua.

Mchana mmoja wa likizo, mama yake yuko Kariakoo, akafungua kopo la unga wa hudhurungi akitarajia dhahabu. Mafundi wa batiki wanajua kuwa unga ni mwongo: rangi yenyewe hujitokeza baadaye. Mungu bariki, kosti soda, ile inayochoma ngozi, ilikuwa imefungiwa kabatini. Akakoroga unga na mafuta ya nazi, akajipaka, akajifunga kilemba, akajilaza kwenye kochi kuusubiri ustaa.

Aliamka kijani. Kochi kijani, foronya kijani, na paka aliyelala ubavuni mwake akatoka nje na mabaka yaliyowakusanya majirani. Kwa kihoro akavuta nguo ya kwanza kambani ajifutie: kanzu yangu ya Ijumaa. Mimi ni Simba tangu utotoni. Kanzu ilifuliwa ikafulika, kijani kikabaki kifuani, na msikitini jirani yangu wa safu akaninong'oneza, "Karibu Jangwani."

Mama mtu aliporudi, hakuuliza habari za kichwa wala kochi. Aliuliza, "Kopo limebaki kiasi gani?"

Jioni tukakaa kikao. Mimi nilitaka simu ifungiwe na wasanii wapigwe marufuku nyumbani. Mama yangu mzazi akanikatiza.

"Siti binti Saad alitoka Fumba, muuza vyungu, akafika Bombay 1928 kurekodi santuri. Utamzuia mtoto kumtamani mtu kama huyo? Na Khadija Kopa kasimama jukwaani miaka na miaka kabla binti yake hajajulikana. Mjukuu wangu kaonyeshwa nywele. Kazi kaonyeshwa na nani?"

Hapo nikakosa la kujibu. Hukumu ikapita: kipara, kisha likizo yote iliyobaki kwenye karai la mama yake mpaka deni la kopo na kitambaa cha kochi liishe.

Akayeyusha nta, akagonga chapa, akasuuza vitambaa mpaka vidole vikanyauka. Na akaimba. Aliimba asubuhi mpaka jioni, na wateja waliokuja kuchukua doti moja wakavuta viti, wakaondoka na mbili.

Mwisho wa likizo alituletea karatasi ya hesabu. Kopo: limelipwa. Kochi: limelipwa. Chini yake: "Kutumbuiza wateja", na bei. Nilipong'aka, akaniuliza kwa adabu zote, "Baba, unamjua msanii gani anayeimba bure kila siku?"

Mama yake aliisoma mara mbili, akapunguza bei kidogo, akalipa.

Kanzu yangu haikuwemo kwenye hesabu.