Shangazi, Nimekuwa Ngazi

Shangazi, shikamoo. Nisalimie wote hapo Ngamiani, hata yule jirani asiyerudisha sinia.

Juzi uliniuliza kwenye simu kama ni kweli naigiza Paris. Nikasema kweli, ukapiga vigelegele, vocha ikaisha kabla sijakueleza naigiza nini. Sasa vuta kigoda ukae. Naigiza ngazi. Hujasoma vibaya: ngazi, ile ya kupandia.

Tuko sita, tunakutana kila Jumanne usiku kwenye ukumbi mmoja wa mtaani unaonuka vitunguu. Siku ya kwanza nilikwenda na kalamu ya kupigia mstari maneno yangu, maana nilikuwa na akili ya ngonjera za shule: kila mtu na ubeti wake, mwalimu na fimbo yake. Nikaomba muswada. Wakatazamana. Muswada hakuna, wakasema, tutautunga wote kwa kucheza. Nikajiona nimealikwa shughuli ambayo hata mchele haujanunuliwa.

Wiki tatu tulihangaika. Tuliigiza mvua, tukaigiza soko. Bibi mmoja, mstaafu wa posta, alikufa mara nne, kila kifo kizuri kuliko kilichotangulia, lakini kisa hakuna.

Wiki ya nne nilichelewa. Nikaingia nahema, nikajitetea kwa Kifaransa changu cha kuokoteza: lifti yetu mbovu, nilikuwa namsaidia jirani kupandisha friji ghorofa ya 6. Pole sikupewa. Wakapiga kelele, "Onyesha!" Fundi bomba mmoja, Mreno, akajikunja akawa friji, nikambeba. Bibi wa posta akafungua mlango ghorofa ya 2, akauliza kelele za nini usiku huu. Friji ikamjibu kwa adabu kwamba si yeye, ni maziwa yaliyomo ndani, yanaogopa kimo.

Shangazi, tulicheka mpaka tukakaa sakafuni. Kufika saa nne usiku jengo zima lilikuwa limesimama, ghorofa 6, kila mlango na ugomvi wake. Kilichokosekana ni ngazi. Wote wakaugeukia mgongo wangu.

Usidhani ilikuwa asali tupu. Kijana wa Kisenegali alichukua kikohozi changu cha ghorofa ya 4, akakifanya hotuba ya dakika mbili, watu wakaangua kicheko. Nilinuna wiki nzima. Kikohozi changu! Jumanne iliyofuata nikagundua kwamba mimi mwenyewe natembea kwa mwendo wa yule bibi, na bibi anatukana kwa Kireno. Siku hizi tukibishana nani alileta nini, hakuna anayeshinda. Ni kama kuuliza bizari ya pilau ya harusi ilitiwa na mkono wa nani. Unakumbuka kile kitabu cha mchezo, *Harakati za Ukombozi*, cha mwaka 1982? Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, wote watatu kwenye kazi moja. Nilikuwa naumiza kichwa nani kaandika ukurasa upi. Sijiulizi tena.

Wenzangu walinipeleka pia kwenye msitu wa Vincennes, kwa Théâtre du Soleil. Kundi hilo lilianza 1964, na makao yake ya sasa zamani yalikuwa kiwanda cha risasi. Wana sifa ya kutunga michezo kwa pamoja na kulipana mshahara sawa. Mtazamaji ukiwahi, unawaona waigizaji wanavyojipaka rangi usoni, na chakula wanakupakulia wao wenyewe. Hapo nilikukumbuka wewe na upawa wako. Mwongozaji wao, Ariane Mnouchkine, ana desturi ya kusimama mlangoni akichana tiketi. Hebu mwambie mkurugenzi wa kwetu achane tiketi uone.

Sisi tutaonyesha mwezi wa 6, ukumbi ule ule wa vitunguu. Video nitatuma. Usinitafute kwa sura, kwa sababu muda mwingi nimeinama. Tafuta shati la bluu linalokanyagwa. Na wakikuuliza barazani, waambie mtoto wa kaka yako anaubeba mchezo mzima mgongoni. Hutakuwa umedanganya.

Ukimpata msafiri wa kuja huku, mpe chupa mbili za mafuta ya karafuu ya kuchua. Friji imenenepa.