Namna ya Kumwona Ndege wa Kilifi Kabla Hajakuona

Pwani ya kaskazini ya Kenya ina ndege wanaosafirisha watu kutoka mabara mengine kuja kuwatazama. Wao wenyewe hawana haraka ya kuonana na mgeni. Anayewataka afuate hatua hizi.

1. Vaa rangi ya udongo. Shati la manjano linang'aa, na katika Msitu wa Arabuko-Sokoke ndege wote watakuwa wamekwisha kukutazama na kuondoka. Manukato yabaki hotelini.

2. Wahi alfajiri. Ikifika saa nne jua limekolea, ndege wamenyamaza, na kinachosikika ni nyenje tu.

3. Chukua mwongozaji mzaliwa wa hapo. Bundi wa Sokoke ana urefu wa sentimita 17 hivi na rangi ya jani kavu. Mchana hulala vichakani kwenye eneo la udongo mwekundu, nawe utampita ukitafuta bundi mkubwa. Kijana aliyekulia kando ya msitu atakuonyesha kwa kidole. Mlipe bila kuomba apunguze. Fedha hiyo inaonyesha kijijini kwake kwamba mti uliosimama nao unalisha watoto.

4. Usimchezee bundi sauti iliyorekodiwa tena na tena. Anadhani mpinzani kaingia kwake, anaacha kuwinda aje kugombana na simu yako.

5. Majani makavu yakichakarika, simama. Huenda ni sange mwenye kiuno cha dhahabu, mnyama wa nusu kilo mwenye pua ndefu na mbio za ajabu. Karibu sange wote wa aina hii duniani wako katika msitu huu. Ukiona mtego wa kamba, mwarifu askari wa msitu siku hiyo hiyo.

6. Ulizia maji kabla ya kwenda Hori ya Mida. Yakiwa yamekupwa kabisa, ndege wametawanyika mbali kwenye matope na darubini yako itaona nukta. Nenda yanapoanza kujaa, maana huwasukuma kuelekea ulipo. Kaa kando ya mikoko utulie. Baadhi ya ndege hao, vitwitwi, wametoka Siberia, na hapa wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya kurudi kuzaliana. Ukiwarusha upate picha, unawaunguzia akiba yao.

7. Hatua ya mwisho hufanyika jikoni. Mnana wa Kilifi, ndege wa manjano na mweusi, haishi popote nje ya Kaunti ya Kilifi. Mahali anapojenga viota hapakujulikana hadi 2013, viota vilipoonekana kwenye kinamasi huko Dakatcha, nyuma ya Malindi. Chakula chake hukitafuta kwenye miti ya mrihi, na huko Dakatcha miti inakatwa kuchomwa mkaa. Kwa hiyo ukiwa njiani kurudi, lipite gunia la mkaa lililosimama kando ya barabara, hata likiwa rahisi.

Hatua sita za kwanza zitakuwezesha kumwona ndege mwaka huu. Ya saba ndiyo itakayomwezesha mwanao kumwona. Ukishindwa zote, ishike hiyo.